Wati za Orazbek

Orazbek alikuwa na miaka arobaini na saba alipojiunga nasi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuja Novemba, wakati moshi wa makaa umeshailalia Almaty, njia za mlimani zimeganda, na anayetaka kushindana Mei hana budi kukanyagia ndani.

Sisi tulikanyagia kwenye chumba cha chini ya ardhi, chini ya duka la baiskeli la Rustem. Baiskeli tisa, kila moja imetolewa gurudumu la nyuma na kufungwa kwenye mashine yake, zote zinatazama ukuta wenye runinga kubwa. Kwenye runinga yalikuwa majina yetu, na mbele ya kila jina namba ya wati, yaani nguvu inayotoka miguuni mwako dakika ile. Huwezi kubishana na namba hiyo. Ukichoka inashuka, na watu wanane wanaiona ikishuka.

Siku ya kwanza Orazbek alileta bakuli la baursak, maandazi madogo yaliyokaangwa na mkewe, yakiwa bado na joto. Tukampa jaribio la dakika ishirini. Akatoa wati mia moja themanini na nane, wa mwisho kabisa, halafu akateremka, akachukua dekio na kufuta jasho chini ya baiskeli za watu wote. Hakuna aliyemwomba. Hata kwa hilo tulimcheka.

Kosa lake alilifanya wiki ya tatu. Rustem, ambaye zamani alishindana kidogo na hakuacha kutukumbusha, alikuwa anatueleza kwamba mkanyagaji wa kweli hanywi maji mpaka saa nzima ipite. Orazbek akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Rustem. Nadhani hapo umekosea. Damu inakuwa nzito."

Watu wakacheka. Rustem naye akacheka, ila masikio yake yakawa mekundu. Mazoezi yalipokwisha alinishika bega.

"Yeldos, si wewe unayesimamia mashine kwenye simu?"

"Ndiyo."

"Ya Oreke unaweza kuipandisha?" Oreke ni jina la heshima, la kumwita mkubwa wako anayeitwa Orazbek. Kinywani mwa Rustem lilikuwa kama kumtemea mtu mate.

"Naweza kurekebisha kipimo. Kwa nini?"

"Asilimia mbili. Kila wiki. Tuone kichwa chake kitavimba mpaka wapi."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilichouliza ni kama nianze siku ile au Jumatatu.

Wote waliambiwa. Kamshat, mwanamke pekee katika kundi letu na mwenye mapafu makubwa kuliko wanaume wengi, alisema, "Huu si utani, huu ni uchafu." Wiki mbili baadaye ndiye aliyekuwa akiuliza mapema kuliko wote: "Leo Oreke ametoa ngapi?"

Ametoa mia mbili na kumi. Ametoa mia mbili arobaini. Januari jina lake lilipanda juu ya langu, nami ndiye niliyelipandisha. Kila Jumatatu, kabla hajafika, nilifungua simu na kumwongezea mbili zake. Alikuwa akisimama mbele ya runinga baada ya mazoezi, taulo shingoni, akiitazama namba kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa mtu aliyempenda zamani. Na sisi tuliokuwa nyuma yake tulikuwa tunabanana mbavu.

Alibadilika. Aliacha sukari, akaacha nyama ya farasi yenye mafuta hata nyumbani kwa wakwe. Alianza kutupa moyo, na hilo ndilo lililotuua kabisa kwa kicheko. Siku moja nilikuwa nimeinama juu ya usukani, nimeishiwa, akaja akaniwekea mkono mgongoni.

"Usikate tamaa, mdogo wangu. Mimi nilianza na mia moja themanini na nane. Unakumbuka? Mwili unataka subira tu."

"Asante, aga," nilimjibu, yaani kaka mkubwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Rustem aliuigiza ule mkono, ile sauti, mpaka Kamshat akakaa sakafuni kwa kicheko.

Nilipata nafasi ya kumwambia. Februari mkewe, Sholpan, alikuja kumchukua kwa gari, akanikuta mlangoni navuta hewa.

"Wewe ndiye Yeldos? Anakutaja sana. Shemeji, sijui mmemfanyia nini, lakini Mungu awabariki. Miaka yote mume wangu aliingia vyumbani kama anayeomba radhi. Sasa anaingia."

Nilisema, "Ni juhudi zake mwenyewe, shemeji." Nikarudi ndani.

Mwisho wa Machi runinga ilimwonyesha wati mia tatu na kumi na moja, wa pili nyuma ya Rustem. Rustem alimpigia makofi mbele ya watu wote, akamwambia mtu mwenye namba ile hawezi kushindana na wanaoanza, itakuwa aibu kwa klabu. Atakwenda kundi la kwanza.

"La kwanza?" Orazbek alisema. "Lile la vijana wa timu?"

"Oreke, namba umeiona mwenyewe. Au huiamini mashine?"

"Mashine naiamini," alisema. "Nilikuwa sijiamini mimi."

Mbio zilikuwa Jumapili ya pili ya Mei, kwenye vilima juu ya mji, mizunguko minne, njia ya udongo na mawe. Orazbek alialika kazini kwake kote. Wakaja watu kumi na mmoja, wamevaa kofia zilizoandikwa jina lake. Mama mkwe wake alikuja pia, kizee cha miaka themanini, akawekwa kwenye kiti cha kukunja karibu na kamba ya mwisho, chupa ya chai miguuni.

Rustem alikuwa amemwombea nafasi ya mstari wa mbele. Firimbi ilipolia, vijana wa timu waliondoka kama waliofyatuliwa. Orazbek naye aliondoka, na kwa mita mia moja hivi, mbele ya watu wake, alikuwa miongoni mwao. Kisha ukaja mlima. Mimi nilishindana kundi hilo hilo, nilikuwa nyuma yake, nikaona kila kitu. Walimpita kushoto na kulia, mmoja akampigia kelele, "Toka njiani, mzee!" Nami nikampita.

Mzunguko wa pili nilimkuta tena, nikiwa mbele yake mzunguko mzima. Alikuwa ameshuka. Ameigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu la nyuma kwa kiganja, analisikiliza. Uso ulikuwa wa kijivu, mate yamemkaukia kidevuni.

"Yeldos! Nisaidie, ndugu yangu. Breki inashika. Inashika mahali, sioni ni wapi."

Gurudumu lilikuwa linazunguka bila kugusa kitu. Lingezunguka mpaka jioni.

"Breki haina kitu," nilisema, nikapita.

Msimamizi alimtoa mbioni muda mfupi baadaye, maana kanuni zinasema aliyepitwa mzunguko mzima hatakiwi njiani. Alishuka kilima akiisukuma baiskeli, akapita mbele ya zile kofia kumi na moja. Walimpigia makofi. Walikuwa watu wema, hawakujua wafanye nini kingine.

Mbio zilipokwisha tulikusanyika kwenye hema la chai. Orazbek alikuwa ameinama tena juu ya ile breki, akimweleza Sholpan kwamba fundi ataipata tu hitilafu. Rustem alikuwa na bilauri mkononi.

"Oreke, acha kuisingizia baiskeli. Haina kosa."

"Kuna kitu kinashika, Rustem. Mia tatu na kumi na moja haiwezi kupotea kwa wiki sita."

"Haikupotea, maana haikuwepo. Muulize Yeldos. Tangu Desemba alikuwa anakuongezea."

Kamshat akatoka nje. Orazbek alinigeukia, na usoni hapakuwa na hasira, alikuwa anasubiri tu nikanushe.

"Ulikuwa utani, aga," nilisema.

"Zote?" aliuliza. "Zilikuwa za uongo zote?"

"Zote," Rustem akajibu kwa niaba yangu.

Huo ulikuwa uongo, na mimi peke yangu niliujua. Simu yangu ilikuwa na namba halisi za kila siku. Orazbek alikuwa ametoka mia moja themanini na nane mpaka mia mbili thelathini na sita, kwa miguu yake mwenyewe, katika majira moja ya baridi. Aliyeshinda kundi la wanaoanza asubuhi ile alikuwa mwenzetu wa chumba kile kile, naye hajawahi kufika mia mbili ishirini na tano. Ningefungua mdomo, ningemrudishia hilo. Lakini kila mtu alikuwa ananitazama, na Rustem alikuwa anatabasamu, nikanywa chai.

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya viziwi. "Ameshinda?"

Sholpan alimfunika mama yake shali, akamshika mumewe kiwiko, wakaondoka. Baiskeli ilibaki imeegemea hema. Hakuja kuichukua.

Nilionana na Sholpan Oktoba, sokoni, kwenye meza ya maboga. Nilidhani atanipita. Alisimama.

"Hajambo?" niliuliza.

"Anafanya kazi. Mteja akimwambia meno yamekaa vizuri, anamwuliza, 'Nani amekutuma?' Wateja wanacheka, wanadhani ni mzaha. Juzi binti yetu alimsifu kwa supu aliyopika, naye akaweka kijiko chini, akatoka mezani."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia namba ile halisi, nikamwambia angeshinda, nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Nilitoa simu nimwonyeshe mistari, wiki kwa wiki. Hakuitazama.

"Mia mbili thelathini na sita," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Mwambie."

"Nimwambie nimeipata wapi? Kwenye simu yako?"

Alichagua boga, akamwomba muuzaji alikate katikati maana zima ni zito kubeba, akalipa akaondoka.

Mazoezi ya ndani yalianza tena Jumatatu. Nilikwenda.