Kidonge cha Kutwa Nzima

Mafundi wa kiwanda walimwita Mama Vipimo, kwa kuwa hakuamini jambo mpaka alipime. Alikuwa mtaalamu wa kuunda dawa, na mkurugenzi alimwalika awaongoze kutengeneza kidonge kipya cha maumivu makali. Kidonge hicho kilitakiwa kutoa dawa kidogo kidogo, kutwa nzima.

Aliwaelekeza vizuri: kila chembe ya dawa ivishwe utando mwembamba, kisha chembe zikandamizwe kwa upole ziwe kidonge. Akaenda safari zake. Aliporudi alikuta vidonge vigumu, vinang'aa, na mkurugenzi anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Mwanzo vilikuwa vinamomonyoka, dada yangu. Tukaikaza kidogo mashine ya kukandamizia."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Mama Vipimo akachukua kidonge kimoja. Aliingia maabara, akakitumbukiza katika maji yenye joto la mwili, akawasha kikorogeo. Alitarajia kungoja mpaka jioni. Hajakaa sawasawa, kidonge kikasambaratika, na kipimo kikaonyesha dawa yote imo majini. Akajaribu kingine. Yale yale. Mashine ilikuwa imepasua utando wa kila chembe. Dawa ya kutwa nzima ilikuwa ikitoka kwa mkupuo mmoja, kiasi cha kuzima pumzi ya mtu.

"Hakuna aliyemeza hivi, sivyo?"

Mkurugenzi akakohoa. "Mama tu. Nimempa leo asubuhi. Kiuno kinamtesa, ningemwachaje aumie na dawa ninayo?"

"Umempa mama yako mzazi dawa isiyopimwa?"

"Si nimeitengeneza mwenyewe!"

"Mpigie mkeo. Sasa hivi!"

Mke alipokea kwa furaha. "Mama kalala fofofo! Anakoroma kama trekta. Leo tumeshukuru, maana usingizi ulishamkimbia."

Mama Vipimo akainyakua simu. "Mdogo wangu, mtikise. Mwamshe!"

Mke akasikika akimwita mama mara tatu. Sauti iliporudi kwenye simu haikuwa ile ya mwanzo. "Haamki. Midomo imekuwa kama majivu."

"Mlaze ubavu. Ita gari la wagonjwa. Mwite, mfinye, usimwache asahau kupumua!"

Mkurugenzi alibaki ameduwaa, mikono kichwani, kinywa wazi. Ikabidi Mama Vipimo amshike mkono kama kipofu, amwingize kwenye gari, aendeshe yeye.

Hospitalini walikuta gari la wagonjwa limeshafika; Mama Vipimo akamweleza daktari ni dawa gani na kiasi gani. Yule bibi, mama wa mkurugenzi, akachomwa sindano ya kuzima nguvu ya dawa hiyo. Pumzi ikarudi, ya kwanza, kisha nyingine. Akafumbua macho, akakunja uso.

"Nani kaniamsha? Maumivu yote yamerudi!"

Mwanawe akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtiririka.

"Unalia nini? Dawa yako inafanya kazi," bibi akasema.

Hakuna aliyecheka. Daktari akaagiza asitoke, aangaliwe usiku kucha, maana sindano ingeweza kuisha nguvu kabla ya dawa.

Kesho yake bibi alikunywa uji mwenyewe. Mkurugenzi akaenda kiwandani, akaizima mashine kwa mkono wake, akaamuru vidonge vyote viteketezwe. Kisha akamgeukia Mama Vipimo.

"Tuanze upya. Niambie tu nifanye nini."

Mama Vipimo akamtazama. Macho ya mkurugenzi yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Kwanza kaa chini," akamwambia, akamsogezea kiti.