Ukurasa wa Nishani

Foleni ya banda la baraza pale Isingiro ilikuwa imekwisha kupinda kona mbili Rwezaura alipofika kutoka Mabira, suruali imelowa umande hadi magotini. Karani wa boma alikuja mara moja kwa mwezi. Ukimkosa, unangoja mwezi mwingine, na mgodi wa bati kule Kyerwa haukuwa na mwezi mwingine wa kumpa mtu. Ulitaka askari wawili wa kulinda ghala, watu waliotoka vitani, na meneja alikuwa amesema wazi: anayetaka kazi alete kitabu cha jeshi chenye nishani iliyoandikwa ndani. Majina yangefungwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kitabu alikuwa nacho. Nishani alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba viwili hivyo vilikuwa havijuani. Jeshi lilimwachia mwaka arobaini na sita, ukurasa wa nishani ukiwa mweupe; nishani yenyewe, nyota ya Burma, ikaja kwa posta miaka miwili baadaye, ndani ya kiboksi cha karatasi ngumu, bila barua.

Nyumbani funza walikuwa wamemaliza migomba. Ukiusukuma mgomba kwa bega, unalala. Mkewe, Kokubanza, aliwapa watoto muhogo asubuhi na muhogo jioni, na chumvi ilikuwa imepanda bei mara mbili tangu Krismasi. Mgodi uliwapa watu wake unga, maharage na chumvi kila wiki. Kwa hiyo Rwezaura hakuja Isingiro kutafuta sifa. Alikuja kutafuta chakula.

Akashika nafasi yake kwenye foleni, akainua macho, akamwona Apolinary.

Apolinary hakuwa kwenye foleni. Alikuwa mbele kabisa, ameinama karibu na sikio la karani, na karani alikuwa anacheka. Apolinary alikuwa shahidi wake. Walikuwa wamekubaliana wakutane njia panda waingie pamoja. Sasa mtu aliyeahidi njia panda anafanya nini masikioni mwa karani?

"Baba Kemirembe, nunua kahawa utafune, utachelewa hapo," alimwambia Adelgunda, mama aliyepita kwenye foleni na kikapu cha kahawa za kuchemsha.

"Ukirudi nitanunua."

"Nikirudi utakuwa na nini ambacho huna sasa?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Nasikia mgodi sasa unataka mtu mmoja tu. Mwenzako ameshaandikwa tangu mwezi uliopita, si ndiyo? Na yule pale unamwona?" Akaelekeza kidevu kwenye benchi la kivulini, alipokaa kijana mwenye shati jipya la kaki. "Projest. Shemeji yake karani. Vita alivisikilizia redioni jikoni Nairobi, akiwamenyea maofisa viazi. Naye ana kitabu."

Maneno yalimwingia Rwezaura. Mtu mmoja tu. Mwezi uliopita alitembea yeye mwenyewe hadi hapa kumshuhudia Apolinary, na siku ile Bwana Shauri, yule mkuu Mzungu wa wilaya, alikuwa amekaa kiti cha pembeni, hivyo maswali yalikuwa mawili tu na wino ukakauka kabla hawajakaa vizuri. Kama nafasi ni moja, nani ana haraka ya kumrudishia fadhila?

Apolinary alikuja akasimama nyuma yake. "Nimewahi kidogo," alisema.

"Nimekuona."

"Mbona uso hivyo?"

"Jua."

Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri.

Zamu yao ilifika saa sita. Karani aliitwa Egbert, kijana wa Bukoba, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja ya wino mwekundu. Aliitoa nyota kwenye kiboksi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Haina jina."

"Hakuna aliyeandikiwa jina, bwana karani. Zote zilikuja hivyo."

"Dukani kwa Abdulghani, Kayanga, nimeziona mbili hivi zinauzwa karibu na sabuni. Mtu yeyote anaweza kununua ushujaa siku hizi." Akaiweka mezani. "Shahidi?"

Apolinary akasogea mbele.

"Unamjua mtu huyu?"

"Namjua."

"Ulimwona Burma kwa macho yako?"

"Bonde la Kabaw, mwaka arobaini na nne. Mvua miezi mitatu. Nilipata homa, akabeba bunduki yake na yangu siku tisa. Ruba walikuwa wanamnyonya hana mkono wa kuwatoa."

Egbert alikuwa tayari amechovya kalamu. "Taja jina lake, niandike."

Apolinary alisita. Tangu Kabaw walikuwa hawajaitana kwa majina. "Huyu," alisema, "ni munywani wangu."

Kalamu ikasimama.

Mzungu asingejua maana yake. Mtu wa pwani asingejua. Lakini Egbert alikuwa mtoto wa Bukoba, na alijua kwamba munywani si rafiki tu. Ni mtu uliyechanjiana naye: tunda moja la kahawa lina mbegu mbili, kila mmoja anachanjwa kitovuni, mbegu inapakwa damu ya mwenzako, unaimeza. Wao walichanjiana hukohuko msituni, kahawa zikiwa zimebaki tatu katika kifurushi Rwezaura alichotoka nacho nyumbani. Ukishaimeza humkatalii munywani wako neno, na ukimsaliti tumbo linavimba mpaka unakufa.

"Mmechanjiana," alisema Egbert taratibu, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Apolinary hakuweza kukana. "Ndiyo."

"Basi wewe si shahidi. Akikuambia useme alipigana mbinguni, utasema. Kuchanjiana kwenu ndiko kulikowaponza. Lete mtu mwingine."

"Wengine walikufa," alisema Rwezaura.

"Hilo nalo lete shahidi."

Watu wawili watatu nyuma wakacheka. Rwezaura hakumtazama karani. Alimtazama Apolinary. Mtu aliyenong'ona na karani asubuhi, kisha akaja kutamka neno moja ambalo halikuhitajika. Angeweza kutaja jina. Jina tu. Hasira ikampanda, na kabla hajaipima ilikuwa mdomoni.

"Mwezi uliopita shahidi wake yeye alikuwa nani? Si mimi? Mbona yake uliandika?"

Alidhani ameshinda. Alidhani karani ataona haya na kuandika zote mbili.

Egbert akatabasamu. "Kumbe. Vizuri umesema." Akanyoosha mkono kwa Apolinary. "Kitabu."

Apolinary alikitoa kifuani, akakiweka mezani bila neno. Kalamu nyekundu ikapita juu ya ukurasa, mstari mmoja, kisha wa pili.

"Kuandika kunataka shahidi," alisema Rwezaura. "Kufuta hakutaki?"

"Kufuta ni kusahihisha."

Apolinary aliendelea kutazama ule wino mwekundu. Alizungumza Kinyambo, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. "Asubuhi nilikuwa namwomba awaandikie watu wa mgodi watuweke zamu moja. Nikamwambia tumezoea, mmoja analala, mmoja anakesha. Akacheka. Nikadhani amekubali."



Egbert alisukuma kidau cha wino wa dole. "Sahihisho lazima mwenye kitabu alikubali. Dole gumba hapa."

"Siweki," alisema Apolinary.

"Usipoweka, shahidi anaweka kwamba umekataa. Haibadilishi kitu." Karani akainua kidau, akamwelekea Rwezaura. "Wewe. Umesikia amekataa, umeona kwa macho yako. Weka dole, kisha kuhusu yako tuone mwezi ujao. Pengine tutapata njia."

Rwezaura alikitazama kidau. Aliwaza watoto na ule muhogo, akawaza Jumamosi. Neno "pengine" lilikuwa tamu, na yeye alikuwa na njaa. Kisha akachukua nyota yake mezani, akairudisha kwenye kiboksi, akaficha mikono yote miwili nyuma, kama kuruta kwenye gwaride.

"Siwezi, bwana karani. Huyu ni munywani wangu. Ushahidi wangu haufai."

Egbert alibaki ameshika kidau hewani. Akainua kichwa, akaitazama foleni. "Nani mwingine ameona mtu huyu akikataa?"

Watu wakatazama miguu yao. Adelgunda akajishughulisha na kikapu chake.

Kwenye benchi la kivulini, Projest alisimama, akaja mezani akikunja mkono wa shati lake jipya ili lisiguse wino.