Doa Jikoni kwa Stamen

Stamen hakuwa na mke tena. Hakuwa na sikio la kushoto lenye kusikia, hakuwa na lifti ya kumfikisha orofa ya tatu, wala hakuwa na mtoto wa kumpigia simu siku za Jumapili. Meno ya juu alikuwa nayo, ya chini yamebaki manne. Na kuna jambo moja zaidi ambalo hakuwa nalo: katika miaka arobaini ya kufunga mabomba hapa mjini Ruse, hakuwahi kumwambia mtu yeyote, "Nisamehe, nimekosea."

Namfahamu vizuri. Mimi naishi orofa ya chini, na ndimi ninayeandika kumbukumbu za mikutano ya wakazi wa jengo letu.

Doa lilitokea mwezi wa Novemba, kwenye pembe ya jiko lake, pale ukuta unapokutana na dari. Mwanzoni lilikuwa kama kisahani cha kahawa. Baada ya wiki mbili likawa kama sinia, na plasta ikaanza kuvimba.

Juu yake aliishi Tsonka, mjane na mshona mapazia, rafiki mkubwa wa marehemu Radka, mke wa Stamen. Tangu Radka azikwe, kila Jumapili Tsonka alimteremshia Stamen bakuli la pilipili hoho zilizojazwa mchele. Na Tsonka alikuwa mtu wa desturi. Mtu akiondoka kwenda safari, kazini au kwenye mtihani, alimwaga maji kizingitini ili mambo yake yatiririke kama maji. Sisi wengine siku hizi tunamwaga kikombe kimoja, basi. Tsonka alimwaga jagi zima. Mwezi huohuo mjukuu wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi.

Stamen hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Wewe mwanamke, unanifanya bata?" alimfokea ngazini. "Mto Danube uko kule chini, usinihamishie jikoni kwangu!"

"Shemeji, mimi namwaga mlangoni. Jiko lako liko upande wa pili kabisa," alijibu Tsonka. "Hayo maji yamepanda basi?"

"Maji hayahitaji basi. Yanapita ndani ya zege."

"Basi tazama na mita yako kwanza."

"Nimefunga mita nusu ya mji huu, leo mshona mapazia anifundishe kuisoma!"

Watu waliokuwa ngazini walicheka. Na mimi nilicheka.

Siku tatu baadaye tulifanya mkutano pale chini, karibu na masanduku ya barua. Stamen alieleza kifundi: bomba la Tsonka limepasuka chini ya sakafu, afungiwe maji mpaka avunje vigae na kulirekebisha. Tsonka alisema vigae vile aliviweka marehemu mumewe kwa mikono yake, kimoja kimoja, na hatavivunja kwa kosa ambalo si lake. Nikaita kura. Mikono tisa ilinyoshwa, wangu ukiwemo, kwa sababu nani angebishana na fundi? Stamen akafungua kisanduku cha koki kilichoko ngazini na kufunga ya Tsonka.

Kuanzia siku hiyo Tsonka alikuja kwangu kuchota maji, akapanda nayo orofa nne. Hakulalamika. Pilipili za Jumapili tu ndizo zilikoma.

Doa halikukauka. Nilipomuuliza Stamen, alinijibu, "Zege likishakunywa maji huyashikilia kama mjane ashikiliavyo kinyongo. Subiri."

Tulisubiri. Katikati ya Januari Tsonka aliteleza na jagi kati ya orofa ya pili na ya tatu, akavunjika nyonga. Binti yake Emiliana alikuja kutoka Zaragoza, ughaibuni anakoishi, akafunga nyumba, akamchukua. Walipomteremsha ngazi akiwa kwenye kiti, Tsonka aligeuka akatazama mlango wake. Alikuwa anangoja kitu. Majirani tulisimama ngazini, mikono mitupu. Hakuna aliyemmwagia maji. Stamen hakutoka kabisa.

Mwezi wa Machi plasta ilianguka juu ya meza yake. Akaja kunigongea mlango.

"Njoo unishikie ngazi," alisema. "Na usiulize kitu."

Nyumba ya juu ilikuwa tupu miezi miwili, koki yake imefungwa. Stamen alipanda ngazi, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu ukutani, na mpini akauuma kwa meno. Ndivyo alivyosikiliza mabomba tangu sikio lake lilipokufa: sauti hupita kwenye mfupa. Alianzia darini, kwenye sakafu ya Tsonka. Kimya. Akashusha bisibisi kiganja kimoja, akaisogeza kuelekea dirishani. Akasimama. Akauma mpini kwa nguvu zaidi.

"Nini?"

Alishuka, akafunga koki zake zote, ya sinki, ya bafu, ya choo, akaenda kuinamia mita yake. Kile kinyota chekundu cha katikati, kisichozunguka ila maji yanapopita, kilikuwa kinazunguka polepole.

Alikaa kwenye kiti. Kisha akanieleza. Mwaka wa themanini na sita alifanya kama wengi wetu tulivyofanya: aliziba roshani kwa vioo, akahamishia sinki huko ili jiko lipate nafasi. Sakafu ilikuwa zege tupu, kwa hiyo bomba alilipitisha juu ukutani, karibu na dari, akalifunika kwa plasta.

"Radka aliniambia, liache wazi, Stamen, siku moja utalihitaji. Nikamwambia, bomba langu halivuji."

Alivunja ukuta mwenyewe. Kiungo kilikuwa pale, kimeota kutu, na nyuzi za katani alizokizungushia ili kisivuje zimeoza kama majani ya chai.

Nilimpigia simu Emiliana. Nikamweleza yote. "Mama hatambui watu tena," alisema. "Mimi ananiita kwa jina la dada yake. Lakini kila asubuhi ananiuliza: ile dari ya shemeji imekauka?"

Nilimpa Stamen simu. Akaikataa kwa mkono.

"Hilo haliwezi kusemwa na kupotea hewani," alisema. "Nitaliandika."

Aliandika mezani kwangu, kwa mwandiko wake wa mafundi, herufi kubwa. "Dada Tsonka. Dari imekauka. Maji yalikuwa yangu. Nisamehe, nimekosea. Radka angenipiga. Emiliana, msomee kila asubuhi akiuliza."

Nilisoma mara mbili. Sikuweza kumrudishia hivihivi. Nikachukua kalamu, nikaongeza chini: "Na mimi nilinyosha mkono."

Alilamba bahasha, akaibandika, akaikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu, kama mtu anayeziba mahali panapovuja. Kisha akaingia jikoni kwangu, akajaza jagi mpaka ukingoni, akalimwaga lote kwenye kizingiti changu. Tukayavuka yale maji, tukatembea hadi posta na viatu vilivyolowa, na yeye mwenyewe akaitumbukiza barua ndani ya sanduku.