Ukingo wa Kaburi Dogo

Mwanzoni Dervla alidhani ni ndege. Mbavu zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti, zimelala ndani ya kona ya kiwiko cha mtawa wa kale aliyekuwa akimchimbua, na ndege wengi wa ziwani walikuwa wamefia katika magofu yale. Alizipitishia brashi taratibu, akiwaza jinsi atakavyowachekesha wenzake wakati wa chai. Kisha kikatokea kipande cha fuvu, chembamba kama ganda la yai, na brashi ikasimama mkononi mwake.

"Fiachra," aliita bila kuinua kichwa. "Njoo uniambie hiki ni nini."

Fiachra, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akichimbua kaburi la jirani, alikuja akatua ukingoni na kikombe chake. "Sasa mtawa wako naye, kumbe alikuwa na mambo yake," alisema. Akachungulia vizuri zaidi, na utani ukamkauka mdomoni. "Ngoja nimwite Malachy."

Kwa majira mengi ya baridi, ziwa lilikuwa likizimega kingo zilizo chini ya abasia ya Kilbrannagh, makao ya kale ya watawa yaliyobaki magofu, na watawa waliozikwa humo karne nyingi zilizopita walikuwa wameanza kudondokea majini. Ndiyo maana walichimbuliwa. Parokia ilikubali waondolewe kwa sharti moja: mifupa ikishachunguzwa katika maabara ya Dublin, irudishwe na kuzikwa katika makaburi mapya kilimani. Kulikuwa na sharti la pili, ambalo halikuzungumzwa kwa sauti kubwa. Akionekana mmoja wa wale watoto, asipelekwe popote. Akabidhiwe kwa watu wake.

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni watoto gani. Mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo hakuruhusiwa kulala penye makaburi ya kanisa. Baba yake alimbeba wakati wa magharibi, peke yake, akampeleka abasia, ambako udongo ulikuwa umebarikiwa zamani na hapakuwa tena na padri wa kumzuia. Mama alibaki kitandani. Hapakuwekwa msalaba wala jina, labda jiwe jeupe la ufukweni tu.

Na jiwe jeupe lilikuwapo. Lilikaa kati ya mbavu ndogo na kifundo cha mkono wa mtawa. Dervla angefurahi kuliona, kama si kwamba watawa nao walizikwa na mawe kama hayo, na yeye mwenyewe alikwishayatoa katika makaburi mengine.

Malachy Tighe, mkuu wa uchimbuaji, alishuka polepole kwa sababu ya magoti yake. Alitazama kwa muda mrefu. Hakuugusa mfupa wowote.

"Shimo lake liko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa ndilo swali ambalo Dervla alikuwa akilikwepa tangu lile fuvu lilipotokea. Mtu akichimba kaburi jipya ndani ya kaburi la kale, udongo aliourudisha haufanani na ule wa mwanzo. Huonekana kama doa, na ukingo wa doa hilo ndio ushahidi wote. Kwa hiyo kila baada ya kushuka kidogo ni lazima usimame, ukwangue kwa mwiko, ulowanishe udongo na kutazama. Ukishauvuka ukingo huo bila kuuona, umeuondoa duniani. Huwezi kuurudisha.

Jana yake mawingu yalikuwa yameziba ng'ambo ya ziwa. Dervla alichukua sururu na kushuka upesi ili afunike kaburi kwa turubai kabla ya mvua.

"Sijui," alisema.

"Hujui, au hukuona?"

"Nadhani kulikuwa na weusi fulani upande huu. Nilidhani ni mzizi umeoza. Au labda nauona sasa hivi kwa sababu nautaka."

Malachy alivua kofia, akaivaa tena. "Sikiliza, Dervla. Aliyekuwa shimoni ni wewe. Ukiniambia uliona ukingo, nitakuamini, na huyu ni mtoto wa juzi, anakwenda kwa watu wake. Ukisema hukuona, basi kwa taratibu zetu hawa wawili walizikwa pamoja. Watakuwa kaburi moja, namba moja, sanduku moja. Dublin."

"Na kuupima mfupa tujue umri wake?"

"Inawezekana. Ila wanausaga. Mwenyewe unauona ukubwa wake."

Dervla alikuwa amejifunza chuoni kwamba mchimbuaji huusomea umma kitabu kinachochanika kila kinapofunuliwa, na alikuwa ameliamini jambo hilo kwa moyo wote. Sasa alikuwa na ukurasa mikononi, umeshachanika, na hakukumbuka ulisema nini. Alijaribu kuiita jana irudi: sururu, harufu ya udongo, toroli. Weusi ule ulikuja, ukajikunja kuwa mzizi, ukajinyosha tena kuwa ukingo. Kila alipoukazia macho ulimtii, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Juu, kwenye uzio, Sabina Loftus alikuwa ameshafika. Alikuja kila asubuhi na bati la mkate wa zabibu, akiwa amevaa koti la mvua hata siku ya jua. Alikuwa na umri wa miaka sita nduguye alipozaliwa bila kulia. Baba yake alitoka na kasha la biskuti kwapani, akarudi na matope hadi magotini. Mama aliuliza swali moja tu, na Sabina alilisikia jibu akiwa nyuma ya mlango: nimemwacha na mtu mwema. Mama aliishi miaka arobaini zaidi bila kujua maana yake, akazikwa kilimani. Sabina alitaka jambo moja kabla hajamfuata: amlaze yule mtoto kando ya mama yake.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" aliuliza kutoka juu. "Siku zote mnapiga kelele kama bata."

Dervla alipanda ngazi. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno mazuri, lakini alipofika mbele ya bibi yule hakubaki na hata moja.

"Bi Sabina, kuna mtoto. Yuko mkononi mwa mtawa."

Sabina aliliweka bati juu ya nguzo ya uzio. "Mkononi vipi?"

"Kama mtu aliyempakata."

"Na mtu mwema," Sabina alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alichimba gizani akaukuta mkono wa mtu, na badala ya kukimbia... Baba yangu huyo. Ni mdogo wangu, sivyo?"

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu lingetosha, na Malachy alikuwa tayari kulipokea. Dervla alimtazama bibi, kisha akatazama udongo uliokauka kwenye kucha zake.

"Huenda ni yeye. Huenda pia ni mtoto wa zamani za watawa wenyewe, aliyeletwa na baba mwingine. Ukingo wa shimo lake ndio ungeniambia. Kama ulikuwapo, nimeupita, Bi Sabina. Nilikuwa naikimbia mvua, nikachimba bila kutazama. Nikikwambia nimeuona nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia haukuwapo, nitakuwa nakudanganya vilevile."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Umesoma miaka mingapi, mwanangu?"

"Mitatu."

"Naona." Hakusema kwa ukali, na Dervla angependelea awe mkali. "Niteremsheni nimwone."

Fiachra alimshika mkono mmoja na Malachy mwingine. Sabina alisimama juu ya ubao, akainama. Malachy alimweleza kuhusu kipimo, akichagua maneno yake, na alipofika kwenye kusaga bibi alimkatiza.

"Mimi mnaweza kunisaga nikifa, mna ruhusa. Huyo hapana."

"Basi atakwenda na mtawa, Sabina. Watarudi kilimani pamoja."

"Lini?"

"Itachukua miaka kadhaa."

"Na mimi miaka hiyo nitaitoa wapi, Malachy?" Alinyoosha kidole kuelekea kile kiwiko. "Ila msiwatenganishe. Awe wetu, awe wa nani, huyu bwana amemshika muda mrefu kuliko sisi."

Mchana waliwainua. Dervla alifunga mifupa midogo kwa karatasi laini, akaiweka pembeni mwa mkono wa mtawa katika sanduku moja. Jiwe jeupe lilimshinda. Alilishika akijiuliza ni la yupi, akaliweka katikati, akalitoa, akalirudisha palepale.

Alipopanda juu alimkuta Sabina mbele ya kilima cha udongo uliotupwa, ule unaosukumwa kwa toroli baada ya kutazamwa na ambao hakuna anayeuhitaji tena. Bati lake lilikuwa wazi. Mkate alikuwa amempa Fiachra.

"Huu mmeshamaliza nao?"

"Ndiyo."

"Toroli zako za jana ulizimwaga wapi? Nataka kumpelekea mama kilimani."

Dervla alikitazama kile kilima. Mvua ilikuwa imekisawazisha, kahawia juu ya kahawia, na wenzake nao walikuwa wamemwaga hapohapo. Mahali fulani humo ukingo ulikuwapo, kama uliwahi kuwapo.

"Upande ule," alisema. "Nadhani."

Sabina aliuendea upande ule, akapiga magoti kwa shida na kuanza kujaza bati kwa mikono. Dervla alisimama kidogo, asijue kama anaruhusiwa kumsaidia, kisha akauchomoa mwiko kwenye mfuko wa nyuma, akapiga magoti kando yake. Kabla ya kuchota, alikwangua kwanza na kutazama.