Mabuu wa Haingo

Dada yangu Haingo alipougua, mumewe Rasendra alikuwa kwenye machimbo ya yakuti kusini, mwaka wa sita huo. Nilimpelekea habari kwa dereva wa lori, naye akafika siku ya nne, amekonda, viatu mkononi. Alimkuta mkewe mkekani kando ya dirisha, tumbo limejaa maji. Hospitali walikuwa wamekwisha kutuambia tumrudishe nyumbani.

Mimi ndiye niliyemwogesha na kumnywesha maji ya ukoko wa wali kwa kijiko. Rasendra alizungukazunguka uani kama mgeni aliyewahi sherehe. Mtu aliyekaa mbali miaka sita hata kuni za kwake hajui zinawekwa wapi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la mboji la Haingo. Alikuwa akitupa humo samadi ya ng'ombe, mabua ya mpunga, maganda ya viazi na majani makavu, na ndani yake waliishi mabuu wa mbawakawa, weupe, wanene kama kidole gumba. Walikula takataka zote zile, wakatoa punje ndogo nyeusi, na punje hizo ndizo alizozitia kwenye matuta ya karoti. Alilifukua lundo kwa mikono, jembe marufuku, asije akamkata hata mmoja. Majirani walimtania kwamba Rasendra amemwachia watoto wengi kweli. Hawakujaliwa mtoto, lakini alicheka pamoja nao.

Sasa, mwaka uliotangulia mpunga wetu wa mlimani ulikuwa umeliwa mizizi. Uligeuka manjano, ukiuvuta kwa kidole unang'oka, na chini tulikuta mabuu weupe. Habari hizo zilimfikia Rasendra kulekule machimboni. Basi asubuhi moja alipolifukua lundo la mkewe akaona mamia ya mabuu, aliona amepata kazi. Hakuniuliza. Alikwenda dukani akaleta dawa ya wadudu, akamimina chupa mbili, akafunika kwa magunia.

“Shemeji, nimewamaliza,” akaniambia. “Mwaka huu hawagusi mpunga wenu.”

Furaha iliyokuwa usoni mwake sijaisahau. Nilimweleza kwamba wale hawakuwa wala mizizi, ni wala uozo, na ndio waliokuwa wakimlisha mkewe. Akasema mbona wanafanana. Nikamwambia wanafanana kwa asiyewajua. Akakaa juu ya magunia, akaniomba nisimwambie Haingo. Nikakubali, kwa hiyo katika jambo hili nami nimo.

Siku tatu baadaye Haingo akataka kuwaona mabuu wake. Aletewe hata watatu tu, ajue kama wamenenepa. Rasendra alimwambia angoje kidogo. Akaomba tena mchana, akaomba na jioni. Kesho yake Rasendra akapanda na jembe hadi shamba la mpunga mlimani, akachimba hadi adhuhuri. Alirudi na mabuu watatu ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa amewaosha udongo mwekundu na kuwafunika kwa majani makavu.

Haingo alitabasamu alipolipokea kopo. Akamtoa mmoja, akamweka mkekani, akangoja. Buu akajikunja kama ndoana, akalala ubavu. Akamgusa kwa ukucha. Akamtoa wa pili, naye akajikunja vilevile.

“Wangu hujilaza chali wakatembea kwa mgongo,” akasema. “Hawa ni wale wa mpunga.”

Rasendra akainamisha kichwa.

“Umewafanya nini?”

Akamwambia yote, hata zile chupa mbili. Akasema alitaka amfanyie angalau jambo moja kabla hajachelewa.

Haingo akawarudisha mabuu koponi, mmoja mmoja. “Miaka sita,” akasema, “nilikuwa nikiongea na wale. Sikuwa na mwingine.” Kisha akageuza uso upande wa dirisha. Nami nilikuwa nimekaa palepale miguuni pake, na nyumba yangu iko ng'ambo tu ya mfereji.

Hakumfukuza mumewe. Nadhani Rasendra angependelea afukuzwe. Haingo alimwacha amgeuze ubavu, amwekee mto, halafu akamshukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru mpita njia aliyekutua mzigo. Alipopiga magoti na kumwomba msamaha, Haingo alimuuliza kama amekwisha kula.

Alifariki Jumapili, watu wakielekea kanisani.

Ukoo wa Rasendra una kaburi zuri la mawe, kubwa kama chumba, wanamozikwa wote, na nafasi ya mke wake ilikuwa ikimngoja. Wajomba zake walikwisha kuja kuulizia siku ya kulifungua. Ikanibidi nimwite kando nimwambie kwamba dada aliniagiza, sikioni, alazwe kwetu, kwa baba na mama, si kwao.

Hakubisha. Aliwaendea wajomba zake mwenyewe akasema ni uamuzi wake. Alibeba jeneza upande wa mbele hadi kwenye mlango wa kaburi letu, akawapisha kaka zangu waingie nalo.

Watu walipotawanyika alinifuata. “Shemeji, alikuagiza lini? Kabla ya mabuu, au baada?”

Nikamwambia kabla, zamani sana. Haikuwa kweli, aliniagiza jioni ya siku ileile ya kopo. Rasendra aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, na wiki hiyohiyo akarudi kusini. Mpaka leo sijui kama nilimpunguzia uchungu au nilimwongezea.