Msusi Aliyeanzisha Sanctus

Asubuhi ya kutabaruku kanisa, kiongozi wa sauti ya teno aliamka hana sauti. Alipofungua kinywa mbele ya wenzake, kilitoka kimlio kama cha bawaba iliyokosa mafuta.

Mwalimu wa kwaya akashika kichwa. Misa waliyojiandaa kuiimba ilitungwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kwa Kilatini, sauti tupu bila kinanda. Humo sauti moja huanza, nyingine ikaidaka, ya tatu ikazifukuza, mpaka zote zinasukana. Na Sanctus, yaani "Mtakatifu", ilianzishwa na teno.

"Hawa teno waliobaki ni wa kufuata," alilalamika. "Ukiwaambia waanze, wanaganda."

"Mimi naijua," alisema msusi mmoja wa safu ya alto.

Wote wakamgeukia. Mama huyu wa saluni walimwita Radi kwa uzito wa sauti yake; akipokea simu, wateja wapya humwamkia, "Shikamoo baba." Miaka yote alijibana kwenye alto, akiimba nusu mdomo. Lakini mazoezini alisimama ubavuni mwa teno, na akiwa kazini, nywele za watu mkononi, wimbo uliompitia kichwani ulikuwa wa teno.

"Wifi, usitutie aibu mbele ya askofu," alinong'ona dada wa mumewe, soprano wa mstari wa mbele. "Mwanamke na teno wapi na wapi?"

"Wifi yangu, radi haipigi hodi."

Mwalimu akacheka bila kupenda. "Haya, nenda kasimame na wanaume."

Wakati ulipofika, juu kwenye roshani ya kwaya, mkono wa mwalimu ukamwelekea. Akaiachia sauti yote, kwa mara ya kwanza maishani. Ikatoka pana, yenye joto, ikajaa mpaka darini. Huko chini watu wakainua vichwa. Alto wakaidaka, besi wakaingia kama mlango mkubwa unaofunguka. Ikawa zamu ya soprano.

Kimya. Wifi, aliyetakiwa kuwaongoza wenzake, alikuwa amemkodolea macho, kinywa wazi.

Mwalimu akakunja ngumi: shikilieni! Radi akaishikilia noti, pumzi ikimwishia, mishipa ikimtoka shingoni. Akamwinulia wifi kidevu: sasa! Wifi akashtuka, akajitosa, soprano wote nyuma yake, na Sanctus ikapaa. Radi alisisimka mwili mzima. Hakujua tena sauti yake inaishia wapi na za wenzake zinaanzia wapi. Walipomaliza, askofu alisubiri kidogo, kana kwamba hakutaka kuufukuza mwangwi.

Baada ya Misa wifi alimkumbatia ngazini.

"Ulipotelea wapi?" Radi alimuuliza.

"Wee! Nilikuwa nasikiliza, nikasahau kuimba."

Mwalimu akawafuata mbio, karatasi za Misa nyingine zikimpeperuka mikononi. "Hii ina sauti nane! Tutaiweza?"

Radi alishachomoa ukurasa wa teno, na kabla hajafika uani alikuwa anauimba, kwa sauti yake yote.