Siku Ali Alipopigana na Tyson Sebuleni Kwetu

Wazee wa Ojwang, mchumba wangu, walifika kwetu Kitengela Jumamosi moja ya Agosti 1997, suti zao nyeusi zikiwa zimegeuka kahawia kwa vumbi. Walikuja kuniposa. Kwa desturi, mimi Ann, mwenye kuposwa, niliambiwa nikae chumbani nisije nikaharibu mazungumzo. Sebule iliachiwa watu wenye busara.

Baba yangu, Gakuru, alikuwa na duka la simiti na mabati, na aliamini hakuna jambo duniani lisiloweza kumalizwa kwa sauti kubwa. Mzee Obura, babake Ojwang, alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Siaya, mpole, amenyooka kama rula. Msemaji wetu alikuwa Mjomba Wachira. Watu walisali, chai ikamiminwa, kisha Mjomba akafungua kikao kwa kutania kwamba sisi si watu wa kuangushwa raundi ya kwanza.

Posa yangu ikaishia hapo.

"Kumbe huku mnapenda ngumi!" Mzee Obura alifurahi. "Mimi ni mtu wa Ali mpaka kaburini."

"Pole sana," Baba akasema. "Hapa ni kwa Tyson."

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Tyson gani? Huyu ameuma mwenzake sikio juzi?"

"Mzee, mimi naongea Tyson wa themanini na nane. Huyo angelaza Ali kabla amalize kujisifu."

"Angemlaza akimpata wapi? Ali wa sitini na saba hata nzi haingemgusa. Raundi ya nane Tyson yako anaomba maji kama mtoto wa nasari."

Mjomba Wachira akakohoa. "Wazee wangu, kuna msichana hapa."

"Wewe uko upande gani?" wakamuuliza wote wawili.

Mjomba, mtu tuliyemchagua kwa hekima yake, akafikiri. "Kusema ukweli, mimi ni wa Foreman."

Basi vita vikawa vya pande tatu.

Nilikaa kitandani na nywele zilizosukwa tangu alfajiri, nikisikiliza maisha yangu yakisubiri Foreman apumzike. Dirisha langu lilitazama jiko la nje, ambako Mama na Mama Ojwang walikuwa wakimenya viazi.

"Mbuzi mtaleta kutoka Siaya?" Mama aliuliza.

"Nani atasafiri na mbuzi hiyo njia yote? Tutanunua soko ya Kajiado."

"Hiyo ni sawa. Na harusi?"

"Desemba, shule zikifunga."

"Nipitishie hicho kisu."

Viazi havikuwa vimeisha, na nilikuwa nimeshaolewa.

Ghafla sebuleni meza ikalia kwa kishindo, nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Baba alikuwa amesimama kuonyesha jinsi Tyson anavyoinama. Mzee Obura naye akavua koti na kuanza kurukaruka kwa miguu ya Ali, akakwaa ukingo wa zulia. Alianguka na kujigonga kwenye meza, mgongo ukakaza, akabaki sakafuni akitazama dari.

"Ali yuko chini!" Baba akapiga kelele. "Moja! Mbili! Tatu!"

Alimhesabia mkwe wake mpaka kumi.

Niliposikia mzee mmoja wa Siaya akisema, "Twendeni, hapa tumedharauliwa," nikafungua mlango. Ojwang, aliyekuja nao akiwa ameagizwa akae kimya, alikuwa ameshika kichwa.

"Baba," nikasema, "Tyson hajagusa mtu. Hiyo ni zulia."

Mzee Obura akainua kidole kutoka sakafuni. "Mmesikia refa? Niliteleza. Hesabu ifutwe."

Aliyecheka kwanza alikuwa Ojwang. Wazee wa Siaya wakatazamana, wakakaa tena, maana chakula kilikuwa kimeanza kunukia.

Mama akaingia na sufuria. "Mmefika wapi na mahari?"

"Bado hatujaanza," Mjomba akasema.

"Basi msianze. Sisi tumemaliza."

Kwa mgongo ule, Mzee Obura hangeweza kukaa ndani ya basi mpaka Siaya. Alilala kwenye kochi letu wiki nzima. Mimi nilimkanda kwa maji moto, na Ojwang akawa anakuja kila jioni kumjulia hali babake. Tulikaa nje kwenye baraza tukipanga mambo yetu, na hakuna mzazi aliyetukumbuka. Baba, ambaye hakuwahi kufunga duka mapema hata kwa mazishi, sasa alifunga jua likiwa juu, awahi pambano. Ijumaa walikuwa wamemfufua hata marehemu Joe Louis na kumwingiza ulingoni.

Jumapili mgonjwa aliweza kutembea. Baba alimsindikiza mpaka stendi, wakibishana njia nzima. Aliporudi alikaa mezani bila kuwasha redio.

"Yule mzee hajui ngumi hata kidogo," alisema, akakisogeza chakula kando. "Mama Ann, walisema watarudi lini?"